Pikapu Imepona na Siwezi Kumwambia Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena naomba unijibu kabla mwezi haujaisha, maana mke wangu ameshatoa neno na mke wangu akitoa neno halirudi. Mimi ni kinyozi, nina kibanda changu karibu na kituo cha mafuta, viti viwili na benchi moja, na ufundi wa magari sikuwahi kuusomea wala kuuota, na hilo ndilo lililonifikisha hapa.

Miaka miwili iliyopita nilinunua pikapu kuukuu iliyotelekezwa nyuma ya shule, matairi yamezama ardhini, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, nikailipia ivutwe mpaka uani kwetu iwe ya mke wangu, ambaye ana kitalu cha miche na miche yenyewe anaisambaza kwa toroli, na nikatangaza mbele ya majirani kwamba ndani ya miezi mitatu atakuwa anaisambaza kwa gari. Majirani wakapiga makofi, mimi nikasogea nifungue boneti niwaonyeshe injini, ndipo nikagundua sijui inafunguliwa wapi.

Sasa baba mkwe wangu ni fundi mstaafu, alitengeneza mabasi miaka thelathini na minane, na wakati ule ilikuwa imepita miezi saba tangu afiwe na mama mkwe, na ninaposema alifiwa naomba unielewe, mshauri, mzee alikuwa amezima kabisa. Anakaa peke yake, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Ukimpelekea chakula anakuambia weka hapo, kesho yake unakikuta hapo hapo. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Mke wangu alikuwa akirudi kutoka kwake macho mekundu. Basi ile habari ya boneti ikamfikia, sijui nani alimpelekea, na Jumamosi moja akaja uani kwetu kwa miguu, akasimama, akaniangalia nikihangaika na bisibisi kama mtu anayefungua kopo la rangi, akasema, "Mkwe, hapo unamnyoa nani?" Yalikuwa maneno yake mengi zaidi tangu msiba. Alikuja kunicheka, akabaki mpaka jioni.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi saa mbili asubuhi Baba yuko uani. Tumeshusha injini, tumeipandisha, tumekwangua kutu mpaka nikawa nakohoa vumbi jekundu, tumeziba sakafu iliyokuwa na tundu la kutosha paka kupita, na Baba ananifundisha huku ananitukana kwa upendo, na mchana anakula, anakula kweli, na anasimulia habari za mabasi na hata za mama mkwe, na siku hizi anazisimulia anacheka. Ana mtindo wake wa kazi: kila nati anayoikaza anaichora mstari mdogo kwa rangi ya kucha nyekundu aliyoiomba kwa binti yake, mstari unaanzia kwenye nati unaishia kwenye chuma. Mimi nikauchukulia kama ile alama ya vema ya mwalimu kwenye daftari, kwamba hapa tumemaliza.

Miezi mitano iliyopita, siku ya Jumatano, niko peke yangu nyumbani, nikazungusha ufunguo nione tu kama taa za dashibodi zinawaka, na kilichowaka si taa, ni pikapu. Ikanguruma vizuri, haikohoi, haitetemeki, na mimi badala ya kufurahi nikaingiwa na woga ambao sikuupata hata siku niliyokwenda kumwomba mzee huyo huyo binti yake, nikaizima haraka, nikatoka nikakaa juu ya ndoo. Nilichokuwa nawaza ni kimoja: kama imepona, Jumamosi Baba anakuja kufanya nini?

Ijumaa ile, mshauri, nikachukua spana nikalegeza nati za kabureta. Kesho yake Baba akainama, akatazama muda mrefu sana, akasema, "Gari hili lina vituko," akakunja mikono ya shati, tukafanya kazi mpaka saa kumi, akala sahani mbili, akaenda zake bila kuomba ufunguo ajaribu kuwasha. Ijumaa iliyofuata nikalegeza nati inayoshika waya wa stata. Iliyofuata nikahamia kwenye feni. Nimelegeza hiki, nimelegeza kile, breki sijawahi kuzigusa, ila mara moja, nakiri, nati mbili za gurudumu la nyuma, kwa kuwa siku hiyo sikuwa na wazo jingine. Nimekuwa hodari wa kuharibu kuliko nilivyowahi kuwa hodari wa kutengeneza, na ufunguo naubeba mfukoni ili mtu asije akauzungusha.

Wiki iliyopita mke wangu, ambaye bega linamsumbua kwa ajili ya toroli na analikanda kila jioni, akaniita akaniambia, "Baba watoto, miaka miwili nimekuvumilia. Mwisho wa mwezi huu hiyo pikapu itatoka getini. Itoke kwa magurudumu yake au waje watu wa vyuma chakavu, mimi nataka nafasi ya miche yangu." Alisema polepole, bila kukasirika, na ndivyo anavyosema jambo likishakwisha.

Nikisema imepona, Baba anarudi kwenye kile kiti chake cha kutazama ukuta, na isitoshe atajua nilikuwa namchezea, mtu wa miaka thelathini na minane ya spana achezewe na kinyozi, aibu hiyo hatakanyaga tena kwangu. Nikinyamaza, inauzwa kwa kilo. Mteja wangu mmoja wa benchi ananishauri nimwage mchanga kwenye injini ife moja kwa moja, mke wangu akubali kutuongezea muda na sisi tuanze upya. Na Jumamosi iliyopita Baba alimwomba mke wangu chupa nyingine ya rangi ya kucha, ya kwanza imekwisha, nikaona huyu mzee anajiandaa kwa safari ndefu na mimi ndiye ninayemkatia njia, roho ikaniuma mpaka nikamkata mteja sikio, kidogo tu. Nifanye nini?

Ni mimi, Kinyozi Mwenye Spana.

MSHAURI ANAJIBU

Kinyozi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka na ya pili nikiwa nimekasirika, na nitakujibu kwa mpangilio huo huo.

Magari mimi siyajui, kwa hiyo nilimpigia simu fundi wangu nikamsomea ile sehemu ya rangi ya kucha. Akacheka mpaka nikaiweka simu mezani nimsubiri amalize. "Dada," akaniambia, "huyo kinyozi ameshikwa tangu wiki ya kwanza." Ule mstari, bwana, si alama ya vema. Fundi anauchora ili siku nyingine akipita atazame kwa macho tu: mstari ukiwa mmoja, nati haijasogea, na ukikatika, kipande kimoja huku kingine kule, basi nati imezungushwa. Wewe kila Ijumaa umekuwa ukizungusha nati zenye mstari na kumwachia mzee ushahidi mwekundu. Aliposema gari lina vituko, unadhani alikuwa anazungumzia gari? Na chupa ya pili ni ya nini? Fundi wangu anasema chupa moja ingeenea pikapu tatu. Imekwisha kwa sababu mzee anachora upya kila wiki kile ulichokivuruga, miezi mitano sasa, na hajasema neno.

Kwa hiyo hofu ya kumwaibisha iondoe. Hukumchezea. Aliona, akakunja mikono ya shati, akafanya kazi aliyojua si kazi, akala sahani mbili, na Jumamosi iliyofuata akarudi. Anataka kuja kama wewe unavyotaka aje, na wote wawili mmejificha nyuma ya kabureta, watu wazima na akili zenu.

Sasa hasira. Nati za gurudumu ulilegeza kwa akili gani? Ufunguo unao wewe, sawa, na pikapu haisukumwi? Watoto hawapandi? Wangeisogeza kidogo tu kupisha miche, leo ungekuwa unaandika barua ya aina nyingine kwa mtu mwingine. Na huyo mteja wa mchanga, akija tena mwambie mashine imeharibika, aende kunyoa kwingine.

Lakini kosa lako kubwa umeliandika katikati ya sentensi ukapita kama huna habari nalo. Bega la mke wako. Gari lake liko zima uani miezi mitano, naye anasukuma toroli na kujikanda jioni, na wewe mwenye ufunguo mfukoni unamtazama. Umemshika baba kwa kutumia bega la binti, na binti hukumuuliza. Kumbuka naye alifiwa na mama yake. Mimi naamini ungemwambia ukweli siku ile ile ya Jumatano, angesukuma toroli mwaka mzima mwingine ili babake aendelee kula, na angesukuma kwa furaha. Hiyo nafasi ulimnyima. Hapo sikupi pole hata kidogo.

Basi fanya hivi. Leo ukifunga kibanda, kabla hujavua viatu, mwambie mke wako yote, uanzie kwenye ndoo. Atafoka. Mwache afoke, usijitetee, na usimtaje baba yake kama kisingizio. Toroli lisukume wewe mpaka Jumamosi. Ijumaa usiguse spana, na kama mkono unakuwasha, kanda bega la mtu.

Jumamosi Baba akifika, usimpe hotuba. Mpe ufunguo. Nati za magurudumu yote aanze kuzikagua yeye mwenyewe, halafu awashe. Ikishawaka mwambie maneno machache: "Baba, ilipona siku nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa nalegeza. Nilitaka uendelee kuja." Mawili ya kwanza anayajua. La mwisho hajaambiwa na mtu tangu azike, na usishangae akiinama ghafla kutazama injini isiyo na tatizo lolote. Mwache ainame. Kisha miche ipakiwe, mke wako akae mbele na babake, wewe panda nyuma na udongo.

Unaniuliza sasa atakuwa anakuja kufanya nini. Kinyozi mzima unaniuliza mimi? Hilo benchi lako, wanaokaa pale kutwa nzima, wangapi wana nywele za kunyoa? Wanakuja, wanalisoma gazeti la juzi, wanabishana, wanaondoka, kesho wamerudi. Hujawahi kumlegezea mmoja wao nati yoyote ili arudi. Wanakuja kwa sababu unawakaribisha.

Na nakuonya mapema, usianze kumbunia kazi nyingine za uongo, leo bawaba ya mlango, kesho bomba la maji. Pikapu ya umri ule ikianza kubeba udongo itaharibika yenyewe bila msaada wako, na siku hiyo mtaitengeneza. Jumamosi nyingine zote, saa mbili asubuhi, chai iwe tayari. Akiingia akauliza, "Mkwe, leo tuna kazi gani?" mwambie hakuna. Kisha mvutie kiti.