Sarafu Niliyoona Haya Kuikunja

Nyumba ya Kasisi,
Thornsey, Lincolnshire,
9 Novemba 1699.

Mpendwa dada Hester,

Pokea salamu zangu kutoka katika baridi hii. Je, homa ya huko Barbados imekuacha? Shemeji Josiah na watoto hawajambo? Barua yako ya Machi ilinifikia Septemba, na nimeisoma hata mikunjo yake imechanika. Mwili wangu ni mzima.

Parokia imenizoea, ila haijanipenda. Nilipohitimu Cambridge nilidhani watu watanijia kwa mijadala. Huja kubatizisha watoto na kuzika, kisha huenda zao. Jioni nabishana na vitabu.

Yuko hapa binti wa mhunzi, Tamsin Orrell, anifuliaye kanzu za ibada. Ni yeye pekee anayethubutu kunipinga, na mara mbili amenishinda. Nilimpenda, dada, na kanisa letu halimzuii kasisi kuoa.

Waijua desturi yetu: kijana hukunja sarafu ya fedha mbele ya msichana, akampa. Akiitunza, amemkubali, akiitupa, yamekwisha. Mimi niliuona huo ni ushamba. Isitoshe, kuipinda sura ya mfalme ni kosa, na msomi hafanyi makosa ya wachunga kondoo. Basi siku ya sherehe ya mavuno nilimpa sarafu mpya ya peni sita, imenyooka, yang'aa, nikaamini kwamba uzima wake utasema yote.

"Mbona nyingi hivi, kasisi?" akasema. "Kanzu zenyewe mbili tu! Haya, nitanunulia sabuni." Akaitia mfukoni mwa aproni.

Kiburi kilinizuia kumweleza. Wiki tatu nilinyamaza. Hatimaye nilichukua sarafu nyingine, nikaikunja kwa meno hadi ufizi ukatoka damu, nikamfuata uani kwa baba yake.

Hakucheka. "Hata wewe, kasisi? Ungenipa hii siku ile, ningeivaa mpaka kaburini. Nilikungoja, ujue. Mama akanicheka: 'Weye mtoto, huyo aliyesoma atakukunjia nini? Labda ukurasa!'" Akavuta uzi shingoni, nikaona sarafu iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa ya Gabriel, fundi wa kuezeka mapaa. Yangu hakuitupa, aliirudisha kiganjani mwangu, akanifumba vidole kimoja kimoja.

Jumapili iliyopita ilinipasa mimi, kwa kuwa hakuna kasisi mwingine, kutangaza ndoa yao. Nikasoma majina yote mawili. Nikasema, iwapo yupo ajuaye kizuizi chochote, aseme. Nilikawia kuendelea, hata Gabriel akaanza kutazama viatu vyake. Sheria yataka itangazwe mara tatu. Bado Jumapili mbili.

Haya usimsomee shemeji. Nisalimie wapwa zangu, Judith na mdogo wake Barnaby, na shangazi Prudence kama bado yu hai. Mungu awafunike katika msimu wa tufani, nawe uniandikie, hata kama ni mistari miwili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye toka mbali,
Ambrose