Manyoya Usoni mwa Anselme

Tours, 3 Septemba 1945

Mama mpenzi,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, tena wazima wa kuhusudiwa. Ni wiki ya tatu tangu padri atufungishe ndoa, na bado nikiitwa "Madamu" nageuka kumtafuta mkubwa wangu.

Sinema yetu ya hekaya inapigwa katika kasri la zamani. Anselme wangu ndiye mfalme aliyerogwa akawa dubu. Kila alfajiri nambandika manyoya usoni kwa gundi, unywele baada ya unywele, saa nne nzima, naye haruhusiwi kucheka. Namchokoza makusudi. Mwishoni uchawi utavunjika, na Ufaransa yote itauona uso wake mwenyewe. Mama, ule uso!

Mwanao akupendaye,
Solange

Loches, 11 Septemba

Binti yangu,

Salamu nyingi. Kifua ni kile kile, sungura wamezaa. Furaha yenu ni yangu, ila gundi kila siku juu ya ngozi ya mtu? Hata farasi huvuliwa hatamu. Mwambie mkwe wangu apumzike.

Mamako

Tours, 19 Septemba

Mama mpenzi,

Habari za hapo na sungura wako? Sisi twapendana, mengine ni madogo. Anselme ametokwa na jipu juu ya mdomo. Niliomba apumzike siku mbili. Mwongozaji wa sinema akacheka: "Bibi harusi, dubu hana majipu. Lifunike."

Anselme naye akasema, "Bandika, mke wangu. Kasri tumepewa hadi mwisho wa mwezi. Nikilala, mwingine atavaa taji langu."

Nikambusu pembeni ya jipu, nikabandika. Hata akiwa na homa macho yake yanapendeza.

Mwanao,
Solange

Tours, 27 Septemba

Mama,

Nisamehe, leo sikuulizi hali. Usaha umeingia kwenye damu. Uso umevimba hadi macho yamezibika. Daktari anasema dawa mpya inayoweza kumwokoa wanayo askari wa Kimarekani tu, na wamekataa kutoa. Aliniuliza nani alibandika gundi juu ya jipu. Nikasema, mimi, mkewe.

Anselme ananiita kwa jina la dada yake. Namwitikia.

Njoo kwa treni ya kwanza. Niletee nguo nyeusi. Hapa sina ya maana ila ile ya harusi.

Mwanao,
Solange