Shingo Imejaa

Jumanne. Mvua imetupiga toka asubuhi, vilima vya Osukuru havionekani. Mwanangu Athieno amelala mgongoni kwangu. Moyo wangu ndio umekataa kutulia.

Mchana wifi yangu Awor, anayesomea uuguzi Busia upande wa Kenya, alinitumia picha kwenye simu. Ni ya kuchorwa, ya zamani sana, ya huko Ulaya. Mama mmoja amempakata mtoto, ameinamisha macho. Awor akauliza, "Mama Athieno, unaona nini kwa huyu?"

Nikajibu mbio: "Mama aliyetunzwa. Shingo imejaa. Bwana anamlisha."

Akacheka. Halafu akaandika, "Hilo ni rovu, wifi. Tezi ya shingo imevimba. Mwalimu anatuonyesha picha za kale tujifunze kuangalia watu. Sasa nitumie shingo yako."

Sikutuma.

Huku kwetu ukizaa na shingo ikanenepa, unasifiwa. Mama mkwe akija kutoka Petta huanza na shingo yangu kabla hata ya salamu: "Kijana wangu si mchezo." Nami nacheka, naona raha. Mkufu alioninunulia baba Athieno haufungiki tangu nikiwa na mimba, nikasema asante Mungu, nimenona.

Lakini nimekonda, bangili zinanivuka mkononi. Mbona hilo sikuliuliza?

Nimeirudia ile picha mpaka simu ikapata moto. Namhurumia yule mama. Alikaa pale akitazamwa, uvimbe wake ukachorwa taratibu, vizuri kabisa, na labda waliompenda wakasema amependeza.

Jioni hii nikamwambia mama mkwe, yuko kwetu tangu Jumapili. Nilidhani atanicheka. Akanipapasa shingo polepole, kama mtu anayepima parachichi sokoni.

"Kumbe nilikuwa nasifu ugonjwa."

"Ulikuwa unanisifu mimi, mama."

"Basi kesho twende Tororo, hospitali. Mtoto nambeba mimi. Wewe beba hiyo shingo yako."

Tukacheka wote, yeye akijifuta macho.

Awor anasema mara nyingi inatibika. Naogopa, ila nataka kumuona Athieno akivaa sare ya shule.

Sasa hivi nimempigia Awor ile picha aliyoiomba, shingo wazi, bila mkufu. Athieno yuko kifuani, ananyonya, na macho nimeyainamisha bila kupanga. Nikajiangalia, nikamuona yule mama.

Ila mimi nimeambiwa.