Sekunde Ishirini za Mama Asenath

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Muthoki Ngui
Umri: Miaka 57
Kazi: Mpiga picha wa studio
Makazi: Mbotela, Nairobi
Yameandikwa: Tarehe 12 Machi 2025, saa nane mchana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina studio karibu na Jogoo Road na nimepiga picha miaka thelathini na moja. Kamera yangu kubwa ni ile ya mvukuto, inayofungwa vipande vipande juu ya reli: lenzi mbele, kioo nyuma, na filamu moja ya ukubwa wa kiganja kwa kila picha. Wenye simu hunicheka. Wacha wacheke.

Mnamo tarehe 11 Machi 2025, Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, aliingia Luseno, dalali wa nyumba ninayemjua kwa sura, akimsukuma mama yake, Mama Asenath, kwenye kiti cha magurudumu. Mama alipatwa na kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia umepooza na maneno humtoka kwa shida. Anaishi Kariobangi, kwenye nyumba yake mwenyewe, na bintiye Triza, ambaye saa hizo alikuwa kazini kiwandani.

Luseno aliniita kwa jina la mwanangu, akasema, "Mama Elsie, mathe anatugawia nyumba, mimi na Triza. Nataka picha akiweka kidole. Iwe ya filamu. Ya simu watasema nimeichezea na kompyuta."

Stima ilikuwa imepotea, kwa hivyo nilitumia mwanga wa dirisha. Niliinamisha lenzi ili uso wa mama na karatasi mezani vyote vitoke wazi, nikapunguza tundu la lenzi mpaka likabaki dogo sana. Kisha nikaingiza kijiti cha mita ya mwanga nyuma ya kioo, nikapima shavu lake, nikapima karatasi. Mita ilitoa sekunde kumi za kuacha lenzi wazi. Kwa vile filamu hupunguza wepesi wa kunasa mwanga muda ukirefuka, nikaongeza zikawa ishirini.

Kwenye kioo kila kitu huonekana juu chini, na mimi nimezoea kusoma hivyo. Nikiwa ndani ya kitambaa cheusi niliisoma ile karatasi. Nyumba ilikuwa inaenda kwa Luseno peke yake. Jina la Triza halikuwepo popote.

Nikatoka, nikauliza, "Mama, unajua karatasi hii inasema nini?"

Akasema, "Triza." Akarudia, "Triza."

Luseno akadakia, "Anamaanisha Triza anajua. Piga bana!"

Na mimi nikapiga. Afande, hilo liandike vilevile. Nilijiambia kazi ni kazi.

Luseno aliulaza mkono wa mama uliopooza juu ya karatasi, kama anayeweka kidole, akasogea kando. Nilimwambia mama atulie, asitikise hata kichwa, mpaka niseme tayari. Nikabonyeza waya wa kufungulia lenzi. Lenzi ikalia tik. Luseno, aliyekuwa amesimama kando, akadhani picha imeisha kama ya simu. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Akaruka, akaukamata mkono ule uliopooza, akaibandua ngumi kidole kimoja kimoja. Gumba alikuwa amelipaka wino mapema. Akalikandamiza kwenye karatasi na kulisokota kama mtu anayezima sigara. Alichagua mkono ule kwa sababu hauwezi kukataa. Mama mzazi!

Na mimi nimeshika waya, nahesabu. Kumi na moja, kumi na mbili. Ningeweza kumzaba kofi. Nilihesabu mpaka ishirini.

Akauliza, "Imetoka poa?" Nikamwambia arudi kesho. Jioni stima iliporudi niliiosha filamu, nikachapa picha moja.

Leo saa tatu asubuhi alikuja. Nikamwonyesha picha. Mikono yake imetoka kama moshi, lakini saa yake inaonekana, na vidole vyake juu ya vya mama.

"Mbona mimi niko hapa?"

"Kwani ulikuwa wapi?"

"Itoe hiyo mikono, Mama Elsie. Tafadhali."

"Si ulitaka filamu?"

Akanirukia aninyang'anye negativu. Nikapiga nduru, fundi wa viatu wa mlango wa pili akaja, na yule mtu mzima ovyo akatoka mbio. Nikafunga studio nikaja hapa moja kwa moja.

Afande ameniambia niache matusi. Nimeacha. Luseno ananitia kinyaa, lakini si yeye aliyeninyima usingizi. Kwenye picha hiyo yeye ametoka ukungu. Uso wa mama uko wazi kabisa, unaweza kuhesabu kope. Sekunde ishirini zote hakutikisika. Mimi nilimwambia atulie, akatulia.

Nimesomewa maneno haya kwa Kiswahili ninachokielewa. Ni yangu yote, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: M. Ngui

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Wamalwa. Nimepokea negativu moja na picha moja kama vielelezo. Triza amepigiwa simu, yuko njiani. Nilimshauri shahidi ayaondoe maneno "na mimi nikapiga", kwa kuwa hashtakiwi kwa lolote. Alikataa.