Baba, Kuhusu Lile Gari la Supachaja

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Shikamoo kwa mama pia, nampigia magoti kwa mbali. Natumaini mpo salama huko Meatu, na kwamba mvua safari hii imewakumbuka, maana nilisikia bwawa la kunyweshea limebaki tope. Goti la mama linaendeleaje? Na yule maksai mwekundu ameshazoea nira, au bado anakukimbiza shambani? Sisi huku ng'ambo ya Lupiro ni wazima, mpunga umesimama vizuri, mvua inapiga karibu kila siku. Uzima upo, baba. Utulivu ndio sina.

Ningeweza kupiga simu, lakini wewe na simu nawajua. Nikifika kwenye jambo lenyewe utasema mtandao unasumbua, halafu kimya. Barua huwezi kuikata. Nimempa Shija, mtoto wa shangazi, anayekuja huko na basi, akusomee mpaka mwisho.

Unalikumbuka lile gari nililonunua kwa mzungu mwindaji alipokuwa anahama. Ulicheka uliposikia. Nililinunua kwa sababu moja, nawe unaijua: mtoto wetu wa kwanza alifia njiani, mama yake akiwa na uchungu juu ya pikipiki, namkimbiza hospitali ya Ifakara, tumekwama kwenye tope kabla hata ya kuliona daraja la Kilombero. Sasa Matrida ana mimba nyingine, siku zimekaribia, na mvua ni zile zile.

Gari hilo lina kitu kinaitwa supachaja. Ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, inaisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta yenyewe, na ndiyo inayolipa gari nguvu ya kutoka kwenye tope. Ila hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezwe kwa kipimo, na kipimo kimo kwenye kompyuta ya gari. Mzungu alikiweka kwa petroli nzuri ya Dar. Mimi natumia ile ya kwenye chupa za maji pale Lupiro, wanayowauzia bodaboda, na humo Mungu ndiye anayejua wamechanganya nini. Injini ikaanza kugonga kila nikikanyaga mafuta. Mafundi wote wakaniambia neno moja, kwamba ikiendelea hivyo pistoni zitatoboka, tena siku ile nitakayokuwa na haraka kuliko zote. Baba, nilifika mahali nashtuka hata jirani akitwanga mpunga.

Fundi wa kwanza aliniambia nitoe mkanda, hilo dude lisifanye kazi. Nikajaribu, gari likanishinda kwenye tope la kawaida tu. Mwingine akasema yupo mtaalamu anayetuma vipimo kwa simu bila hata kuliona gari. Nikaogopa. Nikapanda basi hadi Dar, kwenye gereji kubwa ambako wanalifunga gari sakafuni, magurudumu yanazunguka juu ya rola, na kompyuta inaonyesha nguvu yote. Pasafi, nilitaka kulia kwa furaha. Kisha nikauliza wanapimia petroli gani. Wakasema, "Nzuri tu, tunayo yetu." Hakuna aliyeniuliza yangu naitoa wapi.

Nikarudi Ifakara, nikaenda kwa fundi Kristofa wa Mlabani, ambaye hana rola, ana kompyuta ndogo tu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, unabeba nini, na mafuta unanunua wapi?" Nikamwambia kwa aibu kwamba ni ya chupa. Akacheka. "Basi lete hiyo hiyo. Na mzigo uje nao." Hapo nikakukumbuka wewe. Hujawahi kununua ng'ombe wa plau kwa kumtazama mnadani. Unamfunga nira kwanza, kwenye udongo mzito. Nikaamua ni huyu, Mungu anisamehe kama nimekosea.

Tulipakia magunia ya mpunga mpaka springi zikalala, tukaelekea upande wa Lumemo. Mimi naendesha, yeye pembeni amevaa spika za masikioni zenye waya hadi kwenye injini. "Kanyaga. Achia. Rudia." Kila ikigonga, anachelewesha moto wa plagi kidogo na kuongeza petroli. Kufika jioni ikanyamaza.

"Haina nguvu kama ya mzungu," akasema, "ila haitakufia."

"Itafika hospitali, mvua inanyesha, na mgonjwa ndani?"

Akafunga kompyuta yake. "Injini nimeiseti, kaka. Barabara sijaiseti."

Nyumbani nikamweleza Matrida yote, nikitegemea atashangilia. Alikuwa anapepeta mchele. Aliniacha nimalize.

"Masunga, unaseti gari ili uje unikimbize," akasema. "Pale hospitali kuna nyumba ya wajawazito kusubiria siku zao. Kwa nini usinipeleke sasa, taratibu, njia ikiwa bado inapitika?"

Nikamjibu unavyojua ningejibu: baba amesema mjukuu wake azaliwe kayani, hapa hapa nyumbani, mama yake asitoke mpaka ajifungue.

"Yule wa kwanza tulimtii baba," akasema, akaendelea kupepeta.

Baba, maneno hayo nakuletea wewe. Jibu unalo? Naogopa hasira yako, naogopa kukuvunjia neno, na kuliko vyote naliogopa tope la Lupiro. Kesho asubuhi nampeleka Ifakara, mwendo wa ng'ombe, na nitakaa huko huko mjini karibu naye. Ulisema mtoto azaliwe kayani. Mimi nataka azaliwe akiwa hai. Kaya ataikuta.

Mama akiweza kuja, namuomba sana, nitampokea stendi. Nisalimie kaka mkubwa na pamba yake, shangazi aliyenilea, na babu mdogo asiyesikia, mpigieni kelele jina langu. Nakuheshimu leo kama nilivyokuheshimu jana, baba. Ni neno hili moja tu nimelikataa.

Mwanao ambaye moyo haujatulia,
Masunga