Hija Niliyomwitikia Mzee Yunusi

Maskati, Alkhamisi ya mwanzo ya Shaabani, 1965

Leo kumekucha na kibaridi kizuri, hata mawe ya milima yetu haya yamesahau kuchoma. Mwili umepumzika. Moyo ndio bado.

Nimerudi safari juma lililopita. Mie ni mpishi wa meli ya mizigo, na safari hii tulikwenda mpaka China. Meli ilipokuwa inangoja mzigo, wenyeji wa bandarini wakatuchukua sie mabaharia wakatutembeza mtoni kwa stima ndogo ya abiria, tuone mashamba yao.

Sijapata kuona mto kama ule. Ng'ambo huioni vizuri, na maji yake rangi ya chai ya maziwa. Kandoni ni mpunga mtupu, na kwenye ngazi za mawe wanawake wanapiga nguo kwa vibao huku wanasengenyana. Maneno siyajui, lakini kusengenya nnakujua. Bwana mmoja alikuwa anachunga mabata majini, kama mtu anavyochunga mbuzi, kwa fimbo ndefu. Nikampungia mkono. Naye akaniinulia fimbo, na mabata yote yakageuka yakanijia mie. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Shida ikawa kula. Kila chungu kilichofunuliwa mle stimani kina nyama nisiyoijua, au niijuayo zaidi ya nnavyotaka. Nikashika mayai. Bibi mmoja akiyauza, yamechemshwa kwenye majani ya chai, nikamfanya yeye ndiye jiko langu. Asubuhi mayai, jioni mayai. Mwisho akawa ananimenyea mwenyewe na kuyapuliza yasiniunguze, mie mtu mzima mwenye mvi. Ikanijia sura ya mama.

Tulipofunga gati kwenye kimji kimoja, yule bibi akashuka upesi. Akarudi amemvuta mkono mzee mwenye kofia nyeupe. Kumbe alikwisha fahamu kwa nini sili, na amekwenda kunitafutia mtu wa dini yangu.

"Assalamu alaykum," akasema mzee.

Wallahi nililia.

Akanichukua kwake, hapo hapo karibu na gati. Akaosha bakuli mbele ya macho yangu, akanipakulia tambi na mchuzi wa kondoo, akasema Bismillahi. Lugha hatukuwa nayo zaidi ya maneno ya dini. Jina lake Yunusi. Tukaswali, yeye mbele mie nyuma, na Fatiha yake ina lafudhi ya huko kwao, lakini ni ile ile.

Nikajigusa kifuani nikasema "Makka, haji," akafahamu kuwa mie nimeshahiji. Akagusa magoti yake, akatikisa kichwa. Kisha akazungusha kidole kwenye mdomo wa bakuli, mara saba, kama watu wanavyoizunguka Kaaba, akaninyooshea kifuani, halafu akakirudisha kwake. "Haji. Yunusi," akasema.

Anataka nikamhijie. Nikaweka mkono kifuani, nikasema inshaallah, na si inshaallah ya kumwondokea mtu. Niliikusudia.

Stima ilipopiga honi ndipo nikakumbuka kuwa hija ile ina mwenyewe.

Hija ya mwaka huu ni ya mama. Alikufa hajaiona Makka, na kaburi lake liko Unguja, ambako hatuwezi tena kukanyaga. Dada yangu mkubwa, Bi Nasra, ndiye niliyemuahidi, na tangu tuingie nchi hii hakuna jambo analolingojea kama hilo. Kazini nimepewa ruhusa mara hii. Nyingine Mungu ndiye ajuaye. Nimemuuliza sheikh wetu. Akanambia hija moja ni ya mtu mmoja, haigawiki.

Juma zima nimekuwa nikimkwepa dada.

Leo baada ya alasiri nikajikaza nikaenda kwake Matrah. Akanitilia kahawa, akaanza kunichokoza: mtu amekwenda China, kwenye kiwanda cha vikombe vya dunia nzima, karudi mikono mitupu. Nikamwambia nimemletea kitu kizito kuliko kikombe. Nikamweleza yote, bibi wa mayai, bakuli, kidole. Aliinama tu, akawa anaikunja na kuikunjua ncha ya mtandio wake, nikajua nimemvunja moyo.

Kisha akauliza, "Huyo mzee alikula na weye?"

Nikamwambia hakula. Alikaa ananitazama mpaka niliposhiba, ndipo akajikwangulia yaliyobaki chunguni.

Dada akacheka, na machozi yanamdondoka. "Sasa Seif, unaniuliza nini? Lini ulimwona mama kajipakulia kabla ya mgeni?"

Hakungoja jawabu langu. Alinisukumia sahani ya halua, akasema nile, nimekonda kwa mayai ya watu.

Nimerudi nyumbani mwepesi, na bado nna hili moja linanikereketa. Mzee Yunusi atajuaje kuwa nimefika Makka kwa niaba yake? Hakuna wa kumchukulia khabari kule mtoni. Lakini nikifikiri, naye aliponipakulia hakuniuliza mie mwana wa nani.

Mama, niwie radhi. Mgeni kwanza.