Nyota Niliyoifumua

Jumapili, katikati ya Aprili. Mvua tangu asubuhi, na bati letu hapa Gatina linapiga kelele hata redio haisikiki. Moyo wangu umekuwa mzito tangu juzi, na kosa ni langu mwenyewe.

Mama Nekesa anashona mfarishi, lile blanketi la viraka, kwa ajili ya binti yetu Nekesa, ambaye ataolewa Agosti kule Bungoma. Ni miraba kumi na miwili, na hakuna unaofanana na mwenzake: nyumba, kikapu, ngazi, nyota. Alijifunza kwa misheni akiwa msichana. Mwaka jana alikuwa amemaliza minne alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Hadi leo haujarudi.

Tangu Januari tunatafuta namna. Mimi ni fundi, kibandani kwangu nashona zile suruali za miguu mipana wanazopenda vijana siku hizi, na nilidhani najua kila kitu chenye uzi. Nikamletea makasi yangu makubwa. Hayakumfaa, yametengenezwa kwa mkono wa kulia. Kwa kushoto yanatafuna kitambaa tu. Tukakubaliana mimi nikate, nikifuata vielelezo alivyochora kwenye katoni. Nikaleta mabaki ya kitambaa cha krimplini yenye rangi za kung'aa, akayasukuma kando. Inavutika, akasema, na pasi ya moto ikipita inayeyuka. Khaki ya sare za shule nayo akaikataa kwa sababu sindano ya mkono haipenyi. Tumebaki na pamba: shuka kuukuu, magauni ya zamani tuliyopewa na dada yake wa Laini Saba, na kitambaa cha marekani cha kuweka nyuma.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni pasi ya makaa. Tunaiweka baridi juu ya kitambaa, inakishikilia mezani badala ya ule mkono, naye anashona kwa kushoto. Hilo aliligundua mwenyewe. Mimi nilikuwa nimependekeza mawe, akanicheka siku mbili.

Jumatatu akamaliza nyota, mraba wake wa kwanza tangu augue. Ulimchukua wiki tano.

Ilikuwa mbaya. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema mahali pengine. Ncha hazikukutana, mshono mmoja mfupi, wa pili mrefu, na katikati pamefanya tuta. Nikawaza wakwe wakiutandaza mfarishi na kuanza kunong'ona. Alhamisi nikaibeba nyota kwa siri hadi kibandani, nikaifumua kwa wembe, nikaishona upya kwa cherehani. Haikumaliza nusu saa. Nikairudisha kwenye kikapu chake nikijiona mume mwema.

Mume mwema gani huyo.

Ijumaa akaitoa. Akaigeuza nyuma, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Baba Nekesa, hii ni ya nani?"

Nikasema ni yako, nimeinyoosha kidogo tu.

"Hii si yangu," akasema, akaniwekea mapajani. Tangu hapo tukawa tunaongea habari za chai na chumvi peke yake.

Leo tulipotoka kanisani nikashindwa kuvumilia. Nikakaa mbele yake nikamwambia ukweli: niliogopa wakwe wataona alivyo sasa, na mimi mwenyewe bado sijazoea kumwona hivi. Machozi yakanitoka, mzee mzima.

Akauinua mkono uliopooza kwa ule mzima, akauweka mezani.

"Huyo mtoto alinilisha na kijiko miezi tatu," akasema. "Anajua hii mkono. Wewe ndio unaificha."

Nilichukua wembe nikaifumua nyota mara ya pili, safari hii mbele yake, uzi baada ya uzi, nikampa vipande vyake vyote. Akavipanga upya mezani, akavuta pasi, akaanza na ncha ya kwanza. Nilimtazama na nikajua kwamba nampenda huyu mwanamke hata kuliko nilivyompenda akiwa na mikono miwili.

Cherehani nitaitumia kuunganisha miraba tu, hilo amekubali. Ndani ya mraba nisiguse.

Lakini nimejaribu kuhesabu wiki zilizobaki, na kwa mwendo huu hatutafikisha kumi na miwili. Nilipomwambia, hakuinua hata kichwa.

"Basi itakuwa ndogo. Watalala wakikaribiana."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Kesho natoka mapema kwenda kibandani, na kwa mkono mmoja hawezi kutunga uzi. Kwa hiyo nimemtungia sindano kumi, nikazichomeka kwenye kipande cha sabuni, na kukiweka mezani upande wake wa kushoto.